Ng'ombe wa Kipngetich

"Usimfunge kule nyuma," Kipngetich alisema. "Mfunge hapa mbele, karibu na barabara. Watu wamwone."

Hakuwa amebisha hodi. Alisukuma lango kwa goti, akaingia na ng'ombe mwekundu katikati ya mbao za Mkude kama mtu aingiaye kwake.

"Ng'ombe wa nani?"

"Yangu. Atalala hapa. Maziwa mtakunywa, ndama ni yangu. Na usimtoe mpaka baraza ipite."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Ng'ombe ni ng'ombe."

Tangu avuke mpaka kutoka Morogoro kuja Silibwet kufanya useremala, Mkude alikuwa akimeza machungu tu. Kwao, rafiki husimama nje mpaka aitikiwe. Huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo aseme shida yake, tena kwa kuomba. Kipngetich hakulijua neno naomba. Leta maji. Nipe hiyo nyundo. Hii meza umeharibu. Na sasa kamletea mnyama amlishe, tena wiki ambayo wazee wangeamua barazani kama mgeni aachwe kwenye ploti aliyoikodi au afunge karakana arudi kwao. Kuna watu walikuwa wamelalamika. Akina nani, hakuambiwa.

Kila asubuhi Kipngetich alikuja kumkagua ng'ombe wake. Alimpapasa mgongo, akamtazama kwato, kisha akaketi juu ya mbao zilizokwisha kupigwa randa, na gambuti zake zimejaa matope ya shamba la chai.

"Leta maziwa."

Mke wa Mkude akaleta.

"Kidogo hivi? Bwana yako hajui kukamua. Anabembeleza ng'ombe kama bibi arusi." Akacheka peke yake.

Mkude alikaza mkono kwenye randa.

"Lakini mtoto amepata maziwa," mkewe alimwambia Mkude baada ya Kipngetich kuondoka.

"Hata mfungwa hupewa uji."

Mtu mmoja tu mtaani alikuwa na adabu. Aron, seremala wa ng'ambo ya barabara, alibisha hodi hata lango likiwa wazi. Alhamisi alikuja akasimama nje, kofia mkononi, mpaka akakaribishwa.

"Kaka Mkude, samahani. Naomba niseme kitu, kama hutakasirika."

"Sema, ndugu yangu."

"Huku kwetu, mtu akilaza ng'ombe kwako, hilo boma ni kama lake. Na kesho wazee watakuwa wamemwona."

"Nilijua. Anataka ploti."

"Mimi sijasema hivyo. Lakini ningekuwa wewe, ningemrudishia palepale barazani. Kila mtu aone."

Ijumaa watu walikuwa wameketi kwenye nyasi kando ya soko, wazee mbele kwenye viti. Mkude alifika akimvuta ng'ombe. Alipita katikati ya watu mpaka alipoketi Kipngetich, akamtupia kamba mapajani.

"Chukua ng'ombe wako. Mimi si mchungaji wako, na kwangu si zizi lako. Usinikanyage tena."

Kipngetich aliishika ile kamba polepole, ng'ombe asije akakanyaga watu.

Mkude aliketi. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gogo. Upande wa pili Aron alimwinamishia kichwa kwa heshima.

Mzee Johana, mwenyekiti, alisimama na fimbo yake.

"Aron na wenzake wametuletea malalamiko kwamba mgeni huyu anawaharibia kazi, aondoke. Tumewasikia. Sasa tutafuata desturi yetu. Mtu ambaye ng'ombe wa mwenyeji analala kwake si mgeni tena, ni ndugu ya mwenye ng'ombe, na hakuna wa kumfukuza." Akawazungushia watu macho. "Aliye na ng'ombe kwa Mkude, asimame."

Kipngetich alikuwa ameshaanza kuinuka. Akaitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake, akaketi tena.