Mtama wa Pole

Mungu anisamehe, niliwahi kumcheka wakili mzee kwa uchache wa maneno yake.

Nyati alimkanyaga Kanga bawa, kisha akakana. Kanga alikuwa na vifaranga, na bila bawa asingeweza kuwalisha. Akamwendea Kobe, aliyezeekea katika kesi za majeruhi.

"Huyo atafika kesi imeshakwisha!" Kasuku akacheka.

Barazani Nyati akatamba, "Sikumgusa! Tena mtama wa pole niliompelekea ameula. Yamekwisha!"

Kanga akainama kwa aibu, maana kweli aliula.

Kobe akauliza taratibu, "Pole ya nini, bwana mkubwa?"

"Ya bawa nililomkanyaga, ya nini tena?"

Baraza likaona amekiri kwa kinywa chake. Nyati akaamriwa kuwalisha vifaranga hadi bawa lipone.

Ndugu yangu, ukiumizwa, nakuomba umtafute aliyezizoea kesi hizo.