Majalada ya Shufaa

Kila alasiri, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kutoka shuleni, mtambo wa langoni humfutia kumbukumbu ya maonevu yote ya siku hiyo. Yaliyofutwa huchapwa kwenye karatasi ambayo hukabidhiwa mzazi, na mtoto hurudi nyumbani akiwa mchangamfu.

Kwa miaka miwili Mwanaidi alizipokea karatasi hizo bila kujua kusoma. Kwa kuwa zilikuwa ngumu na safi upande mmoja, alizitumia kujaladia madaftari ya bintiye, Shufaa, maandishi akiyaelekeza ndani.

Jumamosi moja, baada ya kumaliza kitabu cha kwanza cha kisomo cha watu wazima, alibandua jalada la daftari la Hisabati apate kujipima. Kidole chake kikafuata herufi: “Wenzake wamemfungia chooni. Wamemwita kinyesi. Amelia hadi kengele ya mwisho.” Akabandua la Sayansi. Chooni tena.

Shufaa akatokea. “Mama, mbona unayavua madaftari yangu nguo?”

“Nitayavisha mpya, mwanangu.”

“Hapo pameandikwa nini? Nikusaidie kusoma?”

“Hapana. Haya ni masomo yangu,” alijibu, akazikunja karatasi.

Mtoto akacheka, akaelekea msalani. Ndoo ikasikika ikiburutwa ili kuuzuia mlango usijifunge, kama kila siku. Mwanaidi alikwisha kumgombeza mara nyingi kwa tabia hiyo, naye Shufaa hujibu kwamba hajui sababu. Safari hii aliinuka, akaiondoa ndoo, akaushikilia mlango mwenyewe ubaki wazi.