Simu ya Saa Saba

Unguja nzima, alijigamba Silima, hapakuwa na mume aliyejua habari za mkewe kama yeye. Wengine wanalala na wake zao kitanda kimoja na hawajui wameota nini. Yeye mkewe yuko Mkokotoni huko, na anajua mpaka mchuzi alioulia wali.

"Kwa sababu gani?" aliwauliza wenzake, akaigonga ile simu nyeusi ya mezani kwake. "Kwa sababu ya bibi huyu."

Ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Silima alikuwa karani mkuu wa ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, mgeni wa mwaka mmoja kutoka shamba. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa mkunga wa zahanati ya kwao. Ndivyo ofisi ilivyomjua: mtu wa mzaha, na mtu wa mke wake.

Kila siku, watu wakisharudi kusali adhuhuri, saa saba kamili, alinyanyua mkono wa simu. Chini ya ngazi, katika kijichumba kisicho na dirisha, msichana mmoja wa hukohuko Mkokotoni, Sichana, alikaa mbele ya swichibodi. Kila simu ya ofisi ilipita mikononi mwake. Yeye huitika, yeye huchomeka waya, yeye hukuunganisha. Bila ya Sichana, simu ni gogo.

"Mwanakheri!" Silima alisema, akajinyoosha kitini. "Ushakula? ... Wangapi leo? ... Pacha! Haya, mwambie baba yao auze baiskeli."

Ofisi ikacheka. Hapo tena akashusha sauti, akageukia ukutani. "Usiseme kitu, umechoka. Nisikilize tu."

Bi Khamisa, mpiga taipu, mtu mzima asiyepitwa na jambo, alikuwa na lake. "Gari la Mkokotoni liko kila siku. Mbona hatukuoni ukilipanda?"

"Nikenda mie, Bi Khamisa, hatafanya kazi tena. Watoto wa watu watajizaa wenyewe."

"Mwongo weye!" Lakini alisema huku anatafuna. Kila Ijumaa Silima alileta sahani ya tende na mikate ya kumimina, akaizungusha meza kwa meza. "Mwanakheri kasema mle," aliwaambia, na wao hawakumvunja moyo Mwanakheri.

Kisha ikaja barua. Zinaletwa simu mpya za kuzungusha namba: unajipigia mwenyewe, hakuna swichibodi, hakuna wa kukuunganisha. Kwa kuanzia zitafika mjini tu, za shamba zingoje. Kila ofisi iseme, inabadilisha au inabaki na za zamani?

Mkuu wao, Bwana Abrahman, akaisukuma barua kwa Silima. "Weye ndiye mtu wa simu. Utakaloandika nitatia saini. Nnalitaka Jumamosi kabla hatujafunga."

Wiki nzima hapakulika, hapakunyweka. Kila mtu alizitaka simu mpya.

"Zinamaliza kucha hizo," alisema Silima.

"Kucha?"

"Na zinasema ngooo kabla mwenyewe hujasema. Nani kaziuliza?"

"Kwa hiyo ofisi nzima tubaki na magogo haya," alisema Bi Khamisa, "kwa ajili ya mtu mmoja na mkewe! Panda gari, mwana wee, ukamwone!"

Walicheka, na Silima akacheka kuwashinda. Lakini karatasi iliyokuwa mbele yake aliipasua mara tatu. Hoja za simu mpya alizijua zote. Alijua pia kuwa Sichana amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na Bwana Abrahman amekataa kumwachia maadamu swichibodi haina mtu mwingine. Neno moja la Silima lingemfungulia yule mtoto mlango. Neno hilohilo lingemfutia yeye saa saba. Kila alipotaka kuandika "ndiyo," aliiweka kalamu chini.

Jumamosi akaandika: *Tubaki na za zamani.* Akampa Bi Khamisa apige taipu. Bi Khamisa akaisoma, akaiweka kando ya mashine, akakunja mikono kifuani.

Saa saba ikafika. Ofisi nzima ilikuwa ikimtazama. Silima akanyanyua mkono wa simu, akangoja. Akangoja tena, zaidi ya desturi. Jasho likamtoka kipajini.

"Mwanakheri!" akasema kwa sauti kubwa. "Yamekwisha, nshaandika. Hatutenganishwi ng'o ... Ehee ... Ehee ..." Akacheka mpaka machozi yakamlenga. "Anakusalimu, Bi Khamisa. Anasema umsamehe, yeye ndiye aliyeniroga."

Bi Khamisa hakucheka. Alikuwa akitazama mlangoni.

Sichana alikuwa amesimama pale, barua ya chuo mkononi, macho yamemwiva.

"Mwanangu," Bi Khamisa alimwuliza polepole, "swichibodi umemwachia nani?"

"Hapana mtu, Bi Khamisa."

Silima bado alikuwa ameubana mkono wa simu sikioni.

"Kaka Silima, niandikie ndiyo," alisema Sichana. "Nsamehe, kaka yangu. Mwaka mzima huu, nshachoka kuitikia jina la marehemu."