Mbwa wa Kuazima

Mwakio alimshika kichwa mbwa aliyemwazima kwa jirani, akamuuliza daktari wa mifugo bila kumtazama usoni, “Dume ambaye korodani zake hazikushuka, anaweza kuzalisha?”

“Ikishuka moja, huenda. Zikibaki tumboni zote mbili, joto huziua mbegu. Huyo hazalishi kamwe.”

Daktari akainama, akampapasa mbwa, kisha akainuka taratibu.

“Bwana, huyu mzima. Zote zimeshuka.”

Mwakio akamvuta mbwa hadi mlangoni pa kliniki. Ng'ambo ya barabara, pale stendi, mkewe Mghoi alikuwa amekalia sanduku lake akisubiri basi la kwao, kwa kuwa mama yake Mwakio alisema amechoka kulisha tasa.

Basi likapiga honi. Mghoi akasimama, akajitwika sanduku. Mwakio alikuwa angali mlangoni, ameshika kamba ya mbwa wa watu.