Betri ya Mume

Mwantum alirejea jioni kutoka msibani Issuna, akakuta mashine ya kutotolesha vifaranga imezimika. Tangu asubuhi mumewe alikuwa amechomoa waya wake, akachomeka simu isiyojaa kwa kuwa alikuwa akitazamia mpira muda wote.

"Betri ukiichomoa kabla haijajaa, inakufa mapema," alisema mume bila hata kugeuka.

Mayai yalikuwa ya baridi kama kokoto. Moja lilikuwa limetobolewa kwa ndani, na ncha ya mdomo wa kifaranga imeganda tunduni. Simu yenyewe ilinunuliwa kwa pesa za kuku wa mashine hiyo hiyo.

Mwantum alimtazama, akajishangaa: huyu ndiye aliyekuwa akimnyenyekea miaka yote!

"Imefika ngapi?"

"Tisini na sita."

"Ikijaa, ichomoe uondoke nayo. Nguo zako nakufungia sasa hivi."