Chausiku na Debe la Unga

Siku hizi vitabu vya hadithi husikiliza nyumba vinamosomwa, kisha hujiandika kufuatana na yaliyotokea humo. Sisi tulichagua mfululizo wa Inspekta Ndimbo, mpelelezi anayetafuta miwani huku ameivaa, na msaidizi wake Chausiku, binti wa miaka kumi asiyepitwa na kitu.

Mtunzi wake namvulia kofia, hata kama ni mashine. Maziwa ya kopo yalipoisha kwa siri, Inspekta alimtia paka pingu. Chausiku akamwonyesha masharubu ya babu. Tulicheka mpaka babu mwenyewe akakiri.

Jana mchana binti yangu Mwanaidi alitusomea sura mpya tukila ugali. Humo kitabuni, mama wa nyumba hali chakula tena, na Inspekta anaapa kwamba jirani ndiye aliyemwibia hamu ya kula. Babu alicheka hadi akapaliwa.

"Chausiku akaenda moja kwa moja kwenye debe la unga," Mwanaidi akasoma.

Nikarudisha tonge sahanini. Katika debe letu la unga nimeficha barua yangu ya hospitali, wiki ya pili sasa.

"Endelea, mjukuu wangu," babu akahimiza.

"Chausiku akaisoma barua, akairudisha ilipokuwa. Kwa mara ya kwanza, hakumwambia Inspekta."

"Ah, leo kimeharibu!" babu akalalamika. "Sasa mwizi nani?"

Mwanaidi akafunika kitabu taratibu, bila kunitazama. Juu ya jalada palikuwa na alama nyeupe ya unga ya kidole gumba, kidogo kuliko changu.

Na ugali niliusonga mimi.