Kikombe cha Maua

Mama aliposema, "Asante Bwana kwa binti yako huyu wa thamani," nilifumbua macho katikati ya sala. Hakuwa akimaanisha mimi. Alikuwa akimaanisha mdogo wangu, aliyerudi jana baada ya kupotelea ng'ambo miaka mingi bila hata salamu.

Mbele yake kulikuwa na kikombe cha maua na kisahani chake. Mbele yangu, mimi ninayemkanda Mama miguu kila jioni, kulikuwa na kikombe changu cha bati, kimebanduka rangi ukingoni.

Wakasema amina. Mimi nikakisukuma kikombe changu kwa Mama.

"Mama, leo na mimi nitilie chai kwenye cha maua. Au mimi si binti wa huyo Bwana?"

Mdogo wangu akacheka. "Jamani dada, wivu wa kikombe!"

Mama hakucheka. Alikichukua kikombe changu, akapitisha kidole gumba taratibu pale kilipobanduka, akakijaza chai.

"Cha maua ni cha wageni, mwanangu. Wewe tangu lini ukawa mgeni kwangu?"

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu alishusha kikombe chake kwenye kisahani, akakisukuma kando.

Macho yake yalikuwa kwenye kile cha bati.